Gari la dizeli linalopoteza nguvu mlimani na kupona likizimwa

Swali

Ndugu Mhariri, ninamiliki gari la dizeli la mwaka 2012 lenye injini ya lita 2.2 na turbo, lililoletwa nchini baada ya kutumika Uingereza. Ninaishi Iringa na kila mwezi husafiri kwenda Dar es Salaam na kurudi. Safari ya kwenda haina tatizo lolote. Wakati wa kurudi gari hutembea vizuri hadi Ruaha Mbuyuni, lakini nikianza kupanda Kitonga, mara nyingi nikiwa nimeshapita kona kadhaa nyuma ya malori, nguvu hukatika ghafla kana kwamba gari limefungwa kamba kwa nyuma. Mluzi wa turbo hunyamaza, taa ya injini huwaka, na hata nikikanyaga mafuta hadi mwisho sivuki kilomita 40 kwa saa. Nikisimama pembeni, nikazima injini na kusubiri kama dakika kumi, nikiwasha tena gari huwa zima kabisa, na baada ya siku mbili tatu hata taa hujizimia yenyewe.

Nimekwenda kwa mafundi watatu. Wa kwanza alisoma msimbo P0299 na kusema turbo imekufa. Wa pili alibadilisha eaflo, yaani kipimo cha hewa inayoingia kwenye injini. Wa tatu alisema sensa ya presha ya hewa ni mbovu, kwa sababu injini ikiwa imezimwa inasoma 84 ilhali karatasi yake ya vipimo inasema 101. Nimenunua mpya, nayo inasoma 84. Nikilirudisha kwa fundi gari halionyeshi ugonjwa wowote, na wa mwisho alinitazama kama mtu anayejitungia matatizo. Je, ninunue turbo?

Msomaji, Iringa

Jibu

Ndugu msomaji, usinunue turbo, kile kifaa kinachozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa zaidi, na tuanze na hiyo sensa. Sensa ya presha ya hewa iliyo kwenye manifoldi, yaani bomba linalogawa hewa kwa silinda, hupima presha kamili, maana yake inahesabu kuanzia ombwe tupu na si kuanzia presha ya hewa inayotuzunguka. Ufunguo ukiwa umewashwa na injini haizunguki, inachopaswa kusoma ni presha ya hewa ya mahali gari liliposimama, basi. Dar es Salaam, kando ya bahari, presha hiyo ni takriban kilopaskali 101. Iringa mjini, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi zaidi na presha yake ni takriban 84. Fundi wako alikuwa amesimama mlimani akisoma karatasi ya pwani. Sensa ya zamani ilikuwa nzima. Kama hujaitupa, itunze iwe ya akiba.

Kosa hilo lina faida moja, nayo ni kwamba linatuonyesha kwa nini ugonjwa wa gari lako hujitokeza Kitonga na haujitokezi Chalinze. Tuchukulie kwamba kompyuta ya injini inataka presha kamili ya kilopaskali 210 kwenye manifoldi unapokanyaga mafuta sana. Pwani, turbo inatakiwa kuizidisha hewa ya nje mara mbili na kidogo tu. Kwenye hewa ya Iringa inatakiwa kuizidisha mara mbili na nusu ili ifike palepale. Mwaka 1918 mhandisi wa Kimarekani, Sanford Moss, aliipandisha injini ya ndege hadi kwenye kilele cha Pikes Peak huko Colorado, karibu mita 4,300 juu ya usawa wa bahari, ili kuthibitisha kwamba turbo inaweza kuirudishia injini nguvu inayoibiwa na hewa nyepesi. Turbo yako hufanya jaribio hilo hilo, kwa kiasi chake, kila unaporudi nyumbani, tena kwa gia ndogo, kwa mwendo wa lori na katika joto lililokusanyika tangu bondeni. Kasoro ndogo ambayo tambarare turbo ina ziada ya kutosha kuifunika, mlimani haina tena cha kuifunikia.

Sasa tuingie kwenye msimbo. P0299 maana yake ni kwamba presha ya turbo iliyopatikana ilikuwa ndogo kuliko iliyotakiwa, na tofauti hiyo ilidumu kwa muda unaozidi kiwango kilichowekwa. Hausemi neno lolote zaidi ya hilo. Ni sawa na mlinzi anayekupigia simu usiku kukuambia kwamba geti liko wazi: ameona geti, hakumwona aliyelifungua. Kompyuta ikishaona hali hiyo huingia katika hali ya kujilinda, hupunguza dizeli inayoingia na kuacha kuidai turbo, na katika magari mengi haitoki humo mpaka injini izimwe na kuwashwa upya. Kwa hiyo gari kupona likizimwa si ushahidi kwamba hitilafu imeondoka. Ni ushahidi kwamba nguvu ilikatwa kwa amri, na jambo la kutafuta ni kilichotokea sekunde chache kabla ya amri hiyo.

Katika injini kama yako turbo ina mapezi madogo yaliyolizunguka gurudumu la upande wa ekzosi. Mapezi yakijifunga, moshi hupita kwenye nafasi nyembamba, hupata kasi na kulizungusha gurudumu kwa nguvu hata injini ikiwa kwenye mizunguko midogo. Yakifunguka, moshi hupita bila kufanya kazi kubwa. Yanasogezwa na fimbo iliyoshikwa na kopo linalofanya kazi kwa vakyumu, yaani mvuto wa ombwe. Vakyumu yenyewe hutoka kwenye pampu inayozungushwa na injini, hupitia kwenye mpira mwembamba hadi kwenye vali ya umeme, yaani solenoidi, na kompyuta ndiyo inayoiamuru solenoidi iipitishe vakyumu kwa kiasi gani. Vakyumu ikipotea mahali popote katika njia hiyo, fimbo hulegea, mapezi hufunguka na mluzi hunyamaza. Turbo nzima kabisa inaweza kuonekana maiti kwa sababu ya tundu la mpira lisilozidi ncha ya sindano.

Hata hivyo hiyo ni njia moja tu. Mpira mkubwa wa intakula, yaani kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo, unaweza kuwa na ufa unaofunguka presha inapopanda na kujifunga inaposhuka, kiasi kwamba ukiukagua gari likiwa limesimama hutauona. Vali ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, inaweza kukwama ikiwa wazi na kuuruhusu moshi ambao ungeizungusha turbo urudi kwenye manifoldi. Chujio la dizeli linaweza kuwa limeziba. Ndiyo maana tulimwandikia msomaji huyu kabla ya kuchapisha jibu, tukamwomba asibadilishe kifaa chochote tena, bali aazime au akodi mashine ya kupima inayoweza kurekodi vipimo gari likiwa linatembea, aiunganishe kwenye soketi ya pini 16 iliyo chini ya dashibodi, na apande Kitonga akiwa na mtu mwingine wa kuishika. Dereva atazame barabara. Kitonga si mahali pa kusoma skrini.

Tuliomba virekodiwe vipimo saba na si zaidi, kwa sababu mashine nyingi za bei nafuu zikiombwa vipimo vingi husoma kimoja kimoja kwa uvivu, na tukio la sekunde tatu likapita katikati. Vipimo hivyo ni mizunguko ya injini, presha ya turbo inayotakiwa, presha iliyopatikana, amri inayokwenda kwenye solenoidi kwa asilimia, kiasi cha hewa kinachopimwa na eaflo, na presha ya dizeli kwenye reli (bomba nene linalogawa dizeli kwa nozeli), ile inayotakiwa pamoja na iliyopatikana.

Alitupelekea kurasa tatu za namba. Katika dakika za mwanzo za mlima, injini ikiwa kwenye mizunguko 2,600 kwa dakika na mafuta yamekanyagwa sana, kompyuta ilitaka kilopaskali 210 na ikapata 205. Solenoidi ilikuwa kwenye asilimia 48. Eaflo ilisoma takriban miligramu 1,070 za hewa kwa kila mjazo wa silinda. Dakika kumi na mbili baadaye, mizunguko ikiwa ileile, kompyuta ilitaka 212, lakini iliyopatikana iliteremka hadi 190, kisha 165, kisha 142. Amri ya solenoidi ilipanda hadi asilimia 86. Eaflo ilishuka hadi 750. Presha ya dizeli ilitakiwa kuwa bar 1,350 na ilikuwa 1,340. Sekunde chache baada ya hapo ndipo taa ilipowaka.

Namba hizo zinastahili kusomwa taratibu. Dizeli haina kosa, kwa kuwa reli ilipata karibu yote iliyoomba. Kompyuta nayo haikuwa imelala, kwani iliona presha inashuka na kuisukuma amri hadi 86, sawa na mtu anayevuta kamba kwa nguvu zaidi kila inapozidi kulegea. Kinachobaki ni ama turbo inasukuma hewa lakini inavujia njiani, ama turbo haisukumi. Hapa ndipo eaflo, ambayo ilibadilishwa bila hatia, inapotoa ushahidi wake. Eaflo iko mwanzoni mwa njia, mara baada ya chujio la hewa, na sensa ya presha iko mwishoni. Kama mpira wa intakula ungekuwa umepasuka, eaflo ingeendelea kuona hewa nyingi ikipita, pengine nyingi kuliko mwanzo, huku sensa ya mwishoni ikiona presha ndogo, na moshi mweusi ungetoka kwa sababu dizeli hupimwa kwa hewa ambayo haikufika. Lakini presha ilishuka kutoka 205 hadi 142, yaani karibu theluthi moja, na hewa ikashuka kutoka 1,070 hadi 750, nayo ni karibu theluthi moja. Vimeshuka vikiwa vimeshikana mikono. Hewa haikuvuja, bali haikusukumwa.

Kwa hiyo tulimwomba aende kwenye njia ya vakyumu, si kwenye turbo. Fundi alichomoa mpira kwenye kopo, akaunganisha pampu ya mkono ya kuvutia vakyumu, na fimbo ikapanda na kushuka bila kukwama, kisha ikakaa ilipowekwa kwa zaidi ya dakika moja. Kopo zima, mapezi hayajakwama. Pedali ya breki haikuwahi kuwa ngumu hata siku moja, na kwa kuwa buster ya breki, inayoifanya pedali iwe nyepesi, hunywa kutoka kwenye pampu ileile ya vakyumu, hilo liliiondolea pampu lawama. (Tahadhari kwa walio nyanda za juu: pampu nzima inayovuta bar 0.9 pwani haiwezi kufikisha kiasi hicho Iringa, kwa sababu hewa yote iliyopo haizidi bar 0.84. Msije mkanunua pampu kama sensa ilivyonunuliwa.)

Vyote hivyo vilipimwa injini ikiwa baridi, na hapo ndipo fundi alipotaka kukata tamaa. Tulimsihi aliendeshe gari kwa nusu saa, alisimamishe na kufungua boneti injini ikiwa bado inazunguka, kisha aupapase mpira wote mwembamba kuanzia kwenye pampu. Kati ya pampu na solenoidi, mahali ambapo mpira unapinda juu ya bati la kukinga joto la ekzosi, vidole vyake vilikuta kipande laini kama utumbo. Hakikuwa mpira wa vakyumu. Mtu fulani, huko nyuma, alikuwa ameunganisha kama sentimita 40 za mpira mwepesi unaopitisha mwanga, wa aina ile inayopeleka maji ya kuoshea kioo cha mbele. Ukiwa baridi ulikuwa mgumu kiasi cha kutosha. Ukipata joto ulilainika, na vakyumu ikaubana hadi kuta zake zikagusana pale kwenye pindo, ambapo palikuwa na alama nyeupe ya mkunjo. Injini ikizimwa, vakyumu iliisha, mpira ukapumua na kurudi katika umbo lake. Kwa hiyo zile dakika kumi za kusubiri pembeni ya barabara zilikuwa zinaponya mambo mawili kwa pamoja: kompyuta ilisahau amri yake na mpira ulifunguka.

Kipande hicho kimeondolewa na kuwekwa mpira wenye kuta nene, uliotengenezwa kwa ajili ya vakyumu na joto, na umefungwa mbali na bati. Gharama yake haikufika bei ya lita kumi za dizeli. Msomaji wetu amepanda Kitonga mara mbili tangu hapo. Katika rekodi ya mara ya pili, solenoidi haikuvuka asilimia 55 mpaka kileleni.

Swali

Kwa Mhariri, gari langu pia ni la dizeli na lina turbo. Ninaishi Nakuru na kazi yake kubwa ni kuwapeleka watoto shule na kunifikisha ofisini, kilomita chache tu kila siku. Nikienda Eldoret, nikifika kwenye miinuko ya Timboroa na kujaribu kulipita lori, gari husukuma kwa nguvu kwa sekunde moja hivi, kisha hukatika na taa ya injini huwaka. Msimbo ni P0234. Mekanika amefungua mpira wa intakula akakuta oili ndani, akashika shafti ya turbo kwa vidole ikacheza kidogo, na anasema turbo imekwisha. Amependekeza kwamba kwa sasa tuchomoe mpira wa vakyumu na kuuziba ili niendelee kutumia gari.

Msomaji, Nakuru

Jibu

Tatizo lako linafanana na la msomaji wa Iringa kwa macho ya dereva, lakini kwa kompyuta ni kinyume chake kabisa. P0234 husema kwamba presha imezidi iliyotakiwa. Ile sekunde moja ya msukumo mkubwa uliyoielezea si sifa ya gari. Ndiyo hitilafu yenyewe, na nguvu ilikatwa ili kuilinda injini.

Mapezi ya turbo hukaa kwenye moshi wenye masizi maisha yake yote. Gari linaloendeshwa taratibu mjini, safari fupi, injini haijapata hata joto la kutosha, huyaacha mapezi yakikaa karibu mahali pamoja kwa miezi, na masizi hujijenga kwenye pete yanamozungukia. Siku unapokanyaga mafuta mlimani, yanajifunga kama yalivyoamriwa, lakini kompyuta inapoyaamuru yafunguke hukwama kwa muda mfupi, na kwa mizunguko ambayo magurudumu hayo huzunguka, inayovuka 100,000 kwa dakika bila taabu, muda mfupi ni mrefu. Katika rekodi ya mashine utaiona presha iliyopatikana ikiipita iliyotakiwa kama mkuki huku amri ya solenoidi ikishuka upesi. Ukichora picha hiyo pamoja na ile ya Iringa kwenye karatasi moja, hutahitaji maelezo yangu.

Kuhusu oili ndani ya mpira wa intakula, utando mwembamba ni jambo la kawaida, kwa sababu mvuke wa oili kutoka kwenye kreki, yaani tumbo la chini la injini, huingizwa kwenye njia ya hewa mbele ya turbo na huganda humo. Cha kutisha ni oili inayoweza kumiminwa, hasa ikifuatana na moshi wa bluu na kupungua kwa oili kwenye kijiti. Kuhusu shafti, beringi za turbo nyingi huelea juu ya utando wa oili, na injini ikiwa imezimwa lazima shafti icheze kidogo kwenda pembeni. Isiyotakiwa ni kucheza kunakohisika kwa vidole inapovutwa na kusukumwa kwa urefu wake, au gurudumu kuwa na alama za kugusa ukuta wa nyumba yake. Mwombe mekanika akuonyeshe mojawapo ya hayo mawili kwa macho yako, na kama hawezi, turbo yako haijakwisha.

Inachohitaji ni kuhakikisha kwa pampu ya mkono kama fimbo inapanda na kushuka kwa ulaini au inaruka kwa mafungu, na kama inaruka, turbo ishushwe, upande wa ekzosi ufunguliwe na mapezi yasafishwe mpaka yacheze kwa uzito wake. Ile skrubu ndogo inayozuia mwisho wa mwendo wa fimbo isiguswe, kwani imepimwa kiwandani na ikihamishwa utapata ugonjwa mwingine ambao hukuwa nao. Ninajua zinauzwa dawa za kupuliza ndani ya turbo bila kuishusha. Zipo zinazopunguza dalili kwa muda, lakini masizi yaliyogandia nyuma ya pete hayafikiwi na povu, na vipande vinavyobanduka hupita kwenye magurudumu yanayozunguka kwa kasi niliyoitaja. Mimi singezitumia kwenye gari langu.

Kuchomoa mpira wa vakyumu na kuuziba kutaiacha turbo bila kazi, na gari litakuwa dhaifu kila siku badala ya siku moja moja. Hakuna ulichotibu. Tena, kulipita lori Timboroa kwa gari lisilo na turbo ni jambo la kufikiria mara mbili.

Swali

Mhariri, mimi nipo Kahama. Gari langu la dizeli halipandi mlima wowote, kwa maana huku kwetu ni tambarare, na halijawahi kuwasha taa ya injini. Lakini nikiwa barabara kuu kuelekea Nzega, nikishika kilomita 110 kwa saa kwa muda wa nusu saa hivi, nguvu huanza kupungua polepole hadi kilomita 80. Nikiachia mafuta kwa muda hupata nafuu kidogo, na nikisimama kunywa chai huondoka likiwa zima. Mashine haikuta msimbo wowote. Je, hii pia ni turbo?

Msomaji, Kahama

Jibu

Nguvu iliyokatwa na kompyuta hukatika kwa mkupuo, huacha msimbo na hurudi ufunguo unapozungushwa. Nguvu inayopungua polepole na kurudi kidogo unapoachia mafuta inakuambia kwamba kuna kitu kinakosa njia ya kupita, ama hewa ama dizeli, na turbo ingekuwa ya mwisho kuiwekea mashaka.

Hewa ni rahisi, ianzie hapo. Vumbi la huko linajulikana. Toa chujio la hewa na uliangalie kwenye jua; lakini usiishie kwenye chujio, bali fuatilia mpira unaotoka kwenye chujio kwenda kwenye turbo. Mpira huo hauna presha ndani yake, una mvuto, na ukizeeka na kupata joto hunyonywa mpaka kuta zake zikaribiane, au tabaka lake la ndani hubanduka na kuning'inia kama ulimi. Ukiuminya kwa mkono injini ikiwa ya moto, unapaswa kukusukuma, si kukubali.

Kwa upande wa dizeli, chujio ambalo halijabadilishwa kwa muda mrefu hupitisha kiasi cha kutosha kwa mwendo wa mjini na kushindwa kwenye mwendo wa kasi wa muda mrefu. Hata hivyo hiyo nafuu unayoipata baada ya chai inanifanya nishuku mahali pengine, ambapo mafundi wengi hawafiki kwa sababu pana kazi chafu: kichungi kilicho ndani ya tangi, kwenye mdomo wa bomba la kunyonyea. Tangi likiwa na tope, kutu au ute unaoota mahali maji na dizeli vinapokutana, uchafu huvutwa taratibu na kukifunika kichungi kadiri injini inavyonyonya kwa nguvu; ukizima, mvuto huisha, uchafu hudondoka chini na kila kitu huonekana kizuri mpaka nusu saa nyingine ipite.

Fanya hivi. Siku gari linapoanza kuchoka, simama mahali salama, fungua kifuniko cha tangi na usikilize kama hewa inaingia kwa kishindo. Ikiingia, tundu la kupumulia tangi limeziba na umepata jibu bila kushika spana. Kama hakuna sauti, rudi gereji, fungua skrubu ya chini ya chujio la dizeli na kinga kama robo lita kwenye chupa safi inayopitisha mwanga. Iache usiku kucha bila kuitikisa. Asubuhi, maji yatakuwa yamekaa chini na mstari wake utauona wazi, na kama kuna chembe za rangi ya kahawia au nyuzi za ute mweusi zimetulia juu ya mstari huo, tangi lishushwe na kuoshwa kabla hujaweka chujio jipya, la sivyo chujio hilo litakuwa kama la zamani kabla hujarudi tena Nzega.